Kinyago cha Friatto

Ngome ya kaskazini, Britania, mwezi wa Aprili. Mwaka wa thelathini na moja tangu nivuke maji.

Mdogo wangu Gamaleda,

Nakusalimu sana. Kifua chako kimetulia baada ya baridi? Mimi mzima, ila magoti. Mke wangu anayasugua kwa mafuta ya nguruwe huku akinicheka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema amekuja mtu aitwaye Hucdio, kaleta kinyago cha chuma cha mwanao Friatto, na kwamba mpwa wangu kafa vitani kule mto Danubi akiwa amekivaa. Sasa anadai desturi yetu: mleta silaha za marehemu hupewa kiti chake na shamba lake. Unaniuliza kama watu hupigana na vinyago usoni.

Nilikaa kwenye kikosi cha farasi miaka ishirini na mitano. Kinyago tulikivaa siku za michezo, tukirushiana mikuki isiyo na ncha huku wakubwa wakitazama. Nje ni uso mzuri wa kijana asiyeota ndevu. Ndani ni jasho, pumzi yako inakurudia, na unachungulia kwenye upenyo kama mwizi mlangoni. Vitani tulivivua. Usimpe mtu huyo shamba. Mwangalie anavyojibu akiulizwa ghafla.

Kaka yako,
Haldavvo

*

Kisiwani, ukingo wa mto Vahali, mwezi wa Juni.

Kaka,

Salamu zimefika, na kifua hakijambo. Mwambie wifi magoti hayo tangu utotoni ni ya kutegea kazi.

Umenifufua. Kama hawapigani na vinyago, mtu huyu ni mwongo, na kama ni mwongo, mwanangu yu hai. Hucdio nimemhamishia kwenye zizi la kondoo. Jana nilimbana tukiwa tunakula.

"Hebu nieleze tena."

Akasema wapiga mishale wa adui walikuwa wengi, mkuu wa kikosi akaamuru vinyago vivaliwe. Mshale ukagonga shavu la kushoto la kinyago cha Friatto ukateleza, kweli pamebonyea. Kisha adui wa miguu akaja ubavuni mwa farasi, ameinama, akamkata paja.

"Hakumwona kabisa, mama."

"Mwanangu alikuwa na macho kuliko wewe."

"Alikuwa nayo, mama. Lakini yalikuwa ndani ya chuma."

Ona ulimi huo. Mtu wa kweli hujibu kwa kukwama kwama. Kila jioni naweka bakuli la Friatto mezani.

Umbu lako,
Gamaleda

*

Ngomeni, mwezi wa Agosti.

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na mavuno yanaendelea vema. Bakuli hilo limeninyima raha. Nilikujibu kwa uhakika juu ya jambo ambalo sijawahi kulijaribu. Basi nilikwenda kwa vijana wa kikosi nikaazima kinyago.

"Babu, ukianguka tukuzike nacho au tukivue kwanza?"

"Kivueni. Nikifika kwa wazee wangu, nani atanitambua na uso wako?"

Nikapanda farasi, nikawaamuru wanirushie mawe na mikuki butu usoni. Vikateleza vyote. Jicho lilipouzoea upenyo niliwaona wote walio mbele, na nguzo ya shabaha niliipiga kama zamani. Farasi wa wenzangu ndio waliokataa kunikaribia. Gamaleda, mtu anaweza kupigana na kitu kile.

Kisha mmoja wao akaja kwa miguu, ameinama, akanigusa paja kwa fimbo. Sikumwona hata kidogo. Ukikivaa huoni goti lako mwenyewe. Sikuwa nimemweleza yeyote habari ya Hucdio. Kijana alichagua mwenyewe pa kunigusa. Jambo hilo hawezi kulijua mtu aliyeokota kinyago sokoni.

Nilimshuku, na ulimi wake bado siupendi. Lakini amesema alichokiona. Pole, mdogo wangu. Liondoe bakuli.

Kaka yako,
Haldavvo

*

Kisiwani, mwezi wa Oktoba.

Kaka,

Mimi sijambo. Hucdio amekupa nini?

Aprili hawapigani navyo, Agosti wanapigana. Umezeeka; mtoto yeyote angekugusa paja hata uso ukiwa wazi. Halafu desturi unaijua: mjomba ndiye anayekitupa kinyago cha mpwa wake mtoni. Usipokitupa wewe, hakitupwi, na kisipotupwa mimi sina msiba. Njoo basi. Mtazame Hucdio machoni, kisha uniambie mimi hayo uliyoniandikia. Nimetandika vitanda viwili, chako na cha mwanangu.

Umbu lako

*

Ngomeni, mwezi wa Machi.

Mdogo wangu,

U hali gani baada ya baridi hii? Usiushuku ukimya wangu pia. Bahari ilifungwa kwa dhoruba, barua yako imekuja na meli ya kwanza.

Kuhusu uzee wangu, huenda umesema kweli. Kwa hiyo nilimvisha kinyago kijana yuleyule, mwenye macho ya mwewe, nikampandisha farasi. Nikainama kwa magoti yangu haya, nikamwendea, nikamgusa paja. Hakuniona.

Hucdio hakunipa kitu, wala sijui sura yake. Shamba ni lako, umpe au umnyime. Ila nenda naye hadi ukingoni, akitupe kinyago mtoni kwa jina langu. Neno langu liwe mkono wangu, na kama wazee watanung'unika, waambie mjomba ameruhusu.

Wanangu wanaongea lugha ya mama yao. Mkubwa wao nimemzika nyuma ya nyumba, na nafasi ya pembeni yake nimeiacha wazi. Friatto hayupo, Gamaleda, nami sitaki uwe na watu wawili wa kuwasubiri. Mimi sitarudi.

Kaka yako