Shaba ya Vigari

Baraka, tarehe 14 Juni 2003

Kwako yaya Anatole, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako, salamu za heshima na za hamu. Unaendeleaje huko kambini, ng'ambo ya ziwa? Mguu bado unakusumbua wakati wa baridi? Sisi tunapumua. Mihogo haijambo, shule imefunguliwa tena, nami nafundisha darasa la pili chini ya mabati yenye matundu ya risasi.

Mjomba Jérémie amepata saruji ya kujengea kaburi la Mama, karibu miaka mitano baada ya kumzika. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ila nitaanza mbali kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na mimi ni mwoga.

Unakumbuka vigari vya umeme ambavyo padri aliwaletea watoto wa parokia? Njia yake ya plastiki ilikuwa na ufa katikati wa kuongozea vigari, na pembeni mwa ufa vyuma viwili vyembamba vilivyobeba umeme wa betri kuukuu ya lori. Kila Alhamisi baada ya masomo watoto walinifuata parokiani. Wewe ulikaa chumba cha pili ukisema na vituo vya Lulimba na Kilembwe kwa foni, ile redio ya mawasiliano ya parokia, ukilalamika kwamba makelele yetu yanakuzuia kusikia. Mama alipenda kunitania: “Georgette, we iko na batoto bengi kuliko mi.”

Kuvitunza vigari ilikuwa kazi yangu. Chini ya kila kimoja kuna visuka viwili vya nyuzi za shaba vinavyogusa vile vyuma, na visipogusa vizuri hakiendi. Mwanzoni nilipaka vyuma mawese ili unyevu wa ziwa usivitie kutu, kama tunavyopaka panga. Vigari vyote vikasimama. Ulicheka siku nzima, kisha ukanifundisha kwamba mafuta yale yanazuia umeme, kwamba nifute kwa kitambaa kikavu, nisugue kutu kwa raba ya penseli, na nichambue nyuzi kwa sindano zilale sawasawa. Nililishika somo lako. Lakini visuka vililika mpaka vikaisha, na Baraka nzima haikuwa na vingine.

Ile Ijumaa ya Oktoba 1998 unaijua kuliko mtu yeyote. Asubuhi ulibonyeza kuwaita Lulimba, foni ikazima. Ulipofungua ulikuta waya wa betri umeungua, ukahangaika nao hadi adhuhuri. Kumbe saa zilezile foni ikiwa imezima, Lulimba walituma habari kwamba askari wanashuka kwa barabara, na hakuna aliyeisikia. Ulipomaliza, Mama alikuwa ameshaondoka kwenda shambani, kwa barabara ileile. Tulimpata siku ya tatu.

Watu waliuona waya umepungua nyuzi, wakasema umeuza shaba ya foni. Kaburini Mjomba akakushika mkono mbele ya wote: “Huyu hatatupa udongo ku mama yake.” Ukauweka chini ule udongo, ukaondoka, ukavuka ziwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, nami nilinyamaza.

Yaya, shaba niliichukua mimi. Alhamisi ile ulikuwa umekwenda kula. Waya wako wa betri ulikuwa umesukwa kwa nyuzi laini, sawa kabisa na visuka vyangu. Nilikata nyingi nikaacha chache, nikadhani zinatosha kwa kuwa foni iliendelea kusikika. Sikujua kwamba kusema kunataka umeme mwingi kuliko kusikiliza. Nikasuka visuka vipya, na siku ile vigari vilikimbia vizuri kuliko siku zote, na nilifurahi. Naona aibu kuliandika, lakini nilifurahi. Majuto ni mjukuu, nami namlea huu mwaka wa tano.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya ukoo nikayasema yote, nikaweka vile visuka mezani. Mjomba alitoka nje akalia. Aliporudi aliagiza nikuandikie kwamba alikudhulumu, na kwamba kaburi halitafunikwa kabla hujatupa udongo wako.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka nisiwepo siku hiyo, nitakaa shuleni. Lakini njoo. Mifuko ya saruji nimeipanga chumbani kwangu juu ya mbao, kila asubuhi naigusa kuona kama bado ni laini. Mvua za Septemba zikiikuta itakuwa mawe, na hatuna nyingine.

Wasalimie wote wanaokupikia na kukuchekesha huko. Mungu akulinde majini.

Ni mimi mdogo wako,
Georgette