Springi ya Mpira wa Chini

Jumatatu, 3 Juni
Bibi anatoka hospitali Jumamosi. Njia ya kurudi inapita mlimani, kuna baridi, na daktari amesema kifua chake kisipigwe na upepo. Shangazi akasema tutamleta na pikapu ya Babu, na hita itafanya kazi. Hita hiyo haijawaka tangu kabla sijazaliwa! Kuna mtu aliunganisha mipira yake miwili ya maji kwa kipande cha bomba — maji ya moto yanazunguka tu, hayaingii ndani ya hita.

Jumatano, 5 Juni
Nimemshikia Shangazi taa baada ya shule. Hafungui klipu zinazobana mipira kwa nguvu. Anazibembeleza, kama anayemvua mtoto kiatu. Mpira mmoja wa hita unatoka kwenye injini, wa pili unarudi kwenye pampu ya maji. Akabadilisha na ile minene ya rejeta inayopoza maji ya injini, wa juu na wa chini. Alipokwenda kunawa nikafagia. Mabaki yote nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na springi yenye kutu iliyochomoza kwenye mpira mkuukuu wa chini. Nilijiona mtu wa maana.

Ijumaa, 7 Juni
Hita imewaka! Kisha Shangazi akakanyaga mafuta, na mpira wa chini ukanywea kama shavu la mtu anayenyonya mrija. Akaniuliza: mwalimu (ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya miwani), humu mlikuwa na springi, umeiona? Pampu inavuta maji upande huu. Bila springi mpira unajifunga, gari linachemsha.

Ningeweza kusema sijui. Nikasema ni mimi.

Akasema: basi utasuka nyingine. Akazungusha waya mgumu kwenye mpini wa jembe, mizunguko mitatu, kwa mkono tu — yote sawasawa. Akanipa ncha. Mizunguko yangu imepinda. Hakufumua hata mmoja, akaitia springi ndani ya mpira.

Jumamosi, 8 Juni
Tunakwenda kumchukua Bibi, tumesimama katikati ya mlima. Sindano ya kipimo cha joto imepanda. Shangazi amekanyaga mafuta, mimi nikautazama mpira wa chini. Haukunywea. Nimemwambia nilisoma kwamba hita ikifunguliwa yote huipunguzia injini joto. Akasema: ongea kwa sauti, hii kitu inaunguruma. Nikarudia. Hakubisha, ameifungua hadi mwisho. Madirisha wazi, jasho linatutoka. Anasema Bibi hatapiga simu kuuliza tuko wapi, atasimama tu mlangoni pa hospitali na mfuko wake. Sindano imeshuka upana wa kucha. Shangazi ameshika gia, anangoja niseme kama twende, na ananitazama mimi, si sindano —