Kitabu Ulichokiacha Katikati

Mama Deo,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto wa bluu, na nimekaa vizuri. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nakikwepa, nahudumia watu nikiwa nimesimama mpaka miguu inavimba. Sasa nakaa. Nakuandikia mchana huu kwa sababu mvua za kwanza zimenyesha, nusu ya Katandala imekwenda mashambani kupanda, na dukani hakuna mtu wa kutoa kopi wala wa kuazima kitabu.

Nianze na jambo ambalo najua ungeliuliza kabla hata ya habari za watu. Vitabu vipo. Vyote. Ile rafu ya riwaya za mapenzi uliyoijaza miaka yote hii haijapungua hata kimoja. Lakini ilibaki kidogo sana visiwepo, na aliyetaka kuviondoa ni mume wako mwenyewe.

Usimkasirikie. Ngoja nikusimulie.

Unakumbuka mimi nilivyoingia humu mara ya kwanza? Nilikuja kutoa kopi ya cheti cha kidato cha nne, nitafute kazi yoyote, maana mwezi ule ndio ningekuwa bibi harusi na mwenzangu alikuwa ameshapata mwingine huko Mpanda. Mashine ilikuwa bado inapata moto. Nikanyoosha mkono rafuni, nikachukua kitabu ili nisikutazame usoni, nikaanza kusoma nimesimama. Ukatoa kopi, ukaziweka mezani, hukuniita. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshanisogezea kiti. Ukasema, "Kaa, mwanangu. Huyo dada humo ndani ataumia kidogo, halafu atapona."

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, juu ya kitabu nisichokinunua. Kesho yake nikarudi kukimalizia. Wiki iliyofuata ukanipa ufagio, na sasa ni miaka minane.

Kazi ulinifundisha, Mama, na leo naijua. Wengine wanadhani mtu anavutwa na jalada, yule msichana wa midomo myekundu na mwanaume wa shati lililofunguka vifungo. Wewe uliniambia jalada linamleta mtu mpaka rafuni tu, kutoka hapo niangalie mikono yake. Anayefungua ukurasa wa mwisho kwanza, nisimcheke. Huyo ameshaumizwa mahali, anataka kujua kama ni salama kuingia. Anayeuliza kama humo mna mambo ya aibu, nimpe kisicho nayo, na kilicho nayo nikiweke karibu yake. Yule dereva wa bodaboda anayeazimaga "vya mdogo wangu" bado anakuja, na huyo mdogo wake bado hatujamwona. Na yule mama wa Wampembe anayepandisha samaki wa migebuka kutoka ziwani bado anachukua vinne kwa mpigo. Ulipomuuliza kwa nini vingi hivyo, alisema, "Mama, kule kwangu jioni kuna ziwa na mume wangu, na wote wawili hawaongei." Ulicheka ukaegemea mashine.

Baba Deo hakuwahi kucheka na sisi. Alikuwa anapita na baiskeli yake akitoka Malonje, kiroba cha ulezi nyuma, anasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Bado mnasoma mapenzi ya karatasi?" anauliza, halafu huyo anaondoka. Nawe ulikuwa unamtetea. "Mwache. Yule ni mtu wa maksai."

Sasa ulipotutoka, kwenye baridi ile ya Julai, siku tatu tu za hospitali, yule mtu wa maksai hakutoa chozi. Alipokea wageni, aliwaonyesha vijana pa kuchimba, alimpokea Deo stendi alipofika kutoka Mbeya. Watu walimsifu kwa ujasiri. Mimi sikumsifu. Nilimwona akila ugali bila kutazama anachokila.

Msiba ulipoisha alikuja dukani asubuhi, mkononi ana viroba vitupu. Mara ya kwanza nikamwona akivuka kizingiti.

"Feli," akasema, "vitabu hivi vipange humu. Kuna mama pale sokoni anatafuta karatasi za kufungia karanga. Daftari na mashine zibaki, uendelee nazo."

"Baba, na wasomaji?"

"Wasomaji wa nini? Mwenyewe hayupo."

Mama, unanijua mimi si mtu wa kubishana na wazee. Lakini siku ile sauti ilitoka yenyewe. Nikamwambia, "Baba, kiroba nitakushikia. Kitabu sitaingiza hata kimoja kwa mkono wangu. Ingiza wewe."

Akaingiza. Kimoja kimoja, polepole, kama anapanga matofali. Mimi nimeshika mdomo wa kiroba na machozi yananidondokea humo humo kwenye vitabu. Viroba viwili vilijaa. Alipomaliza rafu akageuka, akaona mkoba wako umening'inia nyuma ya mlango. Hakuna aliyeugusa tangu ulipopelekwa hospitali. Akaufungua, akatoa kile cha jalada la kijani, cha mwalimu wa kike na fundi redio, na ndani yake kibanio chako cha nywele kimebana ukurasa.

"Hiki nacho?"

"Hicho alikuwa anakisoma, Baba. Hakukimaliza."

Akakifungua penye kibanio. Nilidhani anaangalia kibanio. Kumbe anasoma. Midomo inacheza, kidole kinatembea chini ya mstari kama mtoto wa darasa la pili. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Mimi bado nimeshika kiroba.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Kama kurasa arobaini."

"Kwa hiyo hakujua."

"Kujua nini, Baba?"

"Kama huyu fundi alirudi."

Halafu akakaa juu ya kile kiroba cha vitabu, Mama, mtu mzima yule, akasema, "Nitammalizia mimi." Na hapo ndipo alipolia. Nikatoka nje nikasimama upepo unipige, nimwachie duka.

Tangu siku ile akawa anakuja kila siku, saa nne, akishatoka shambani na kunawa miguu. Viroba tukavisogeza chumba cha nyuma, na Deo alimtumia miwani. Zile arobaini hakuendelea nazo kwanza. Alisema hawezi kuingilia mazungumzo ya watu katikati, akarudi ukurasa wa kwanza. Alitaka kupita kila mahali ulipopita wewe. Palipokuwa na alama ya kidole chako cha mafuta ya vitumbua alikaa hapo muda mrefu, sijui alikuwa anasoma maneno au anasoma mafuta.

Na alikuwa anagombana nao! "Huyu mwalimu naye, kwa nini asimwambie? Fundi atajuaje, yeye mganga?" Akikasirika sana anahamia Kifipa, na yule mwalimu wa kitabuni hajui Kifipa. Siku moja nesi mmoja aliyekuja kurudisha kitabu alimsikia akamjibu, wakabishana juu ya fundi redio mpaka nesi akachelewa zamu. Siku hiyo nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Julai.

"Feli, niambie tu. Mwishoni wanapatana?"

"Baba, Mama hakuwahi kumwambia msomaji mwisho. Sitaanza mimi."

Basi akafika pale fundi anapomwandikia mwalimu barua. Unapajua. Kibanio chako kilikuwa kurasa chache tu mbele ya hapo. Ile barua ambayo fundi anasema kila kitu, hata kwamba anapenda mwalimu anavyofunga khanga. Baba Deo akaisoma, akairudia. Akakifunga kitabu akakiweka magotini.

"Feli. Alikuwa anafuata nini humu? Mimi nilikosa nini?"

Mama, uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Hukukosa kitu, Baba, alikuwa anajipumzisha tu. Wafiwa tunawalisha maneno ya namna hiyo kila siku. Lakini alikuwa ameuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi nilikuwa nalijua jibu, maana ulinipa mwenyewe ile siku tuliyokuwa tunavalisha vitabu nailoni. Nikamwambia kama ulivyoniambia, sikuongeza wala kupunguza.

Ulisema, "Baba Deo tangu anioe hajawahi kutamka kwamba ananipenda. Lakini nilipougua nikiwa na mimba ya Deo alinipakia kwenye baiskeli toka Malonje mpaka mjini, anasukuma kwa miguu, mkono mmoja usukani na mwingine mgongoni kwangu. Hakupanda hata penye mteremko, asije akanitingisha. Kwa hiyo najua. Ila mtu anaweza kujua, na bado akatamani kusikia. Ndiyo maana nasoma. Nasikia kwa watu wengine."

Baba Deo alilipapasa lile jalada la kijani. Nje upepo ulikuwa unapiga bati la jirani. Baadaye akasema, "Mimi nilidhani baiskeli ilisema."

"Ilisema, Baba. Ningejuaje habari zake, kama si yeye kunisimulia?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaichafua zaidi, akaenda zake. Kitabu akakiacha kwenye kiti.

Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Siku ya tatu nikajiambia nimemvunja mzee wa watu, nimemnyang'anya hata kile kidogo alichobaki nacho. Nilitaka kwenda Malonje kumwomba radhi. Ya nne nikawa nimeshavaa viatu, halafu nikavivua. Niliona kwamba nikiomba radhi ni kama nasema ulichosema kilikuwa kosa, na hakikuwa kosa.

Siku ya tano alikuja na nyundo na mbao mbili. Hakunisalimia vizuri, alikuwa na misumari mdomoni. Akapigilia rafu ya chini iliyokuwa imelegea, akaviburuta vile viroba viwili kutoka chumba cha nyuma, akavirudisha vitabu vyote mahali pake. Alivipanga vibaya, vingine kichwa chini, na nimeviacha hivyo hivyo. Alipomaliza akachukua kile cha kijani, akakaa, akasoma mpaka mwisho bila kuinuka.

Sasa sikiliza. Wasomaji wengine siwaambii, lakini wewe nakwambia. Fundi redio alirudi. Mwalimu alikuwa ameshahamishwa shule, fundi akamfuata mpaka huko, akamkuta amesimama na redio mbovu mkononi aliyokuwa amekataa kumpa fundi mwingine aitengeneze. Hawakusema mengi. Mwalimu alisema, "Umechelewa," na fundi akasema, "Nimefika." Ndio mwisho wenyewe. Ungelia kidogo, halafu ungenituma kuchemsha chai.

Baba Deo aliposoma hapo alitikisa kichwa. "Maneno machache hivyo? Na alikuwa anayajua yote kwenye barua!" Kisha akaniuliza kama kuna kingine. Nilimtazama mikono, kama ulivyonifundisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye vile vilivyochakaa zaidi, vilivyoshikwa na watu wengi. Nikamwacha achague. Sasa yuko kwenye cha tano, na amekuwa mkali. Hataki chenye wivu, hataki mwanaume mwenye gari, na kikimkera ananirudishia kabla ya ukurasa wa ishirini.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kukuwekea msalaba. Deo alikuja, padre alikuja, akina mama wa jumuiya waliimba vizuri, na mbingu ilijizuia kwa heshima yako. Tulipomaliza, watu wakaanza kuteremka kwenda nyumbani kula. Baba Deo akasema tutangulie. Deo alitaka kurudi amshike mkono, aliogopa baba yake ataanguka. Nikamvuta shati. "Mwache," nikamwambia, "hataanguka."

Tukamsubiri barabarani. Kutoka pale nilimwona amevua kofia, ameinama kidogo upande wa kichwa chako, na mdomo wake unacheza. Alikaa muda mrefu. Mara moja alinyamaza kama mtu aliyekosea, halafu akaendelea. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwako, kwetu hakikufika kitu. Alipotufikia alivaa kofia, akasema ana njaa, na akala mpaka akaongezewa.

Sijui alisema nini, Mama. Sikumuuliza, na sitamuuliza. Wewe umesikia.

Basi lala salama, mama yangu wa kazi. Mzee wako nitamtunza, na duka hili nitalifungua kila siku isipokuwa Jumapili, kwa nguvu zangu zote. Nakuahidi.

Mwanafunzi wako,
Felista