Ketamini kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Utafiti unaendelea: bado tunalinganisha dawa mbili za usingizi za mshipani kwa wagonjwa wa kamera ya mapafu. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa: mtu analala chapuchapu, anaamka mwepesi, anauliza chai. Ila presha inashuka, na pumzi nayo inataka kugoma. Ketamini: presha imara, pumzi inaendelea, lakini mate chungu nzima — na wakiamka wanaropoka! Mgonjwa wa leo, fundi bomba, amemchumbia daktari wa mapafu mbele ya mkewe. Mke alicheka kuliko sisi sote. Mimi ni mtu wa nyeupe, sifichi.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe. Kile kikohozi chake kisichoisha — picha imeonyesha uvimbe kwenye njia ya hewa. Ijumaa anapigwa kamera, wakate kipande cha kupima. Mwenzangu wa kutoa dawa ya usingizi yuko likizo, nimebaki mimi. Moyo wa mama ni dhaifu, presha iko chini siku zote. Nyeupe itaimaliza. Kwake ni ketamini tu, na kwenye utafiti hatumwingizi. Naogopa kama mwanafunzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemweleza jikoni akimenya viazi. Alikubali yote mpaka niliposema huenda akaropoka. Kisu kikasimama. Akataka ile nyingine. Nikamwambia, mama, hiyo kwa moyo wako siithubutu. Akamaliza kiazi. Kisha akasema: basi nikianza kuongea, mwanangu, wewe toka nje.
Nikaahidi. Mjinga mimi! Mtu wa usingizi haondoki kichwani pa mgonjwa mpaka aamke, labda apokewe na mwingine. Mume wangu anasema mama yake hana siri yoyote. Kajuaje?

Ijumaa, 8 Machi
Salama! Presha haikuyumba, mate tumeyavuta, kipande kimepatikana. Nimefurahi mno.
Sasa tuko chumba cha kuamkia, naandika kando ya kitanda. Macho yake wazi, hayanioni. Ameanza. Kwanza kagombana na mtu kuhusu ndoo, nikacheka peke yangu. Halafu, kwa sauti safi kabisa: mke wa mwanangu asijue.
Asijue nini?
Muuguzi amekuja. Anasema nikapumzike, amempokea mgonjwa, atakaa naye mpaka aamke vizuri. Nimemshukuru. Nimesogeza kiti karibu zaidi na mto wake.