Mke Wangu Anairoga Taa ya Mwenzake

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijatamka neno nisiloweza kulirudisha. Nina wake wawili, Bi Zuweina mkubwa na Bi Mwatum mdogo, nyumba moja, kila mmoja na upande wake, na jirani yangu Bwana Esmail mwenye duka alipoleta injini ya umeme akakubali kunigawia, nami kwa kuogopa dhuluma nikafunga waya kwa mkono wangu, kila mke taa yake, swichi yake na waya wake wa moto, ila waya wa kurudisha umeme kwenye injini nikawapa mmoja wa shirika, wautumie wote wawili, maana kazi yake ni kurudi tu. Juzi magharibi, zamu ya Bi Mwatum, akataka taa isogezwe karibu na kioo, nikazima swichi yake, nikapanda stuli, nikafungua waya wa kurudi pale ulipoungwa, nikarushwa mpaka kitandani meno yakigongana, na papo hapo taa ya Bi Zuweina ikazimika. Mwatum akasema, "Hata siku ya zamu yangu haniachii. Kakuroga." Zuweina akaja mlangoni na kofia aliyokuwa akiishona, "Mwaniibia mwanga wangu." Sasa Mwatum yuko kwao Micheweni, harudi mpaka nimwache mchawi, na Zuweina nimeshamwacha na kumrejea mara mbili kwa hasira zangu, imebaki talaka moja, na mganga anataka mbuzi ili auondoe uchawi. Nimwache?

Turki, Chake Chake

Bwana Turki,

Pole kwa meno. Huruma yangu imeishia hapo.

Ulizima swichi ya Bi Mwatum, lakini ya Bi Zuweina nani aliizima? Umeme wa taa yake ulikuwa ukirudi kwa waya ule ule wa shirika. Ulipoufungua, umeme ukakosa njia, ukapita kwako, na taa yake ikazimika kwa kuwa njia umeikata wewe. Mshukuru Mungu kwamba umeweza kuniandikia.

Usiguse tena. Bwana Esmail azime injini yenyewe, si swichi ya chumbani, kisha fundi anayeijua kazi avute waya wa kurudi wa kila taa peke yake mpaka kwenye injini, autie na alama ujulikane wa nani. Uadilifu wako ulitakiwa hapo, ukaufanyia uchoyo.

Mganga mnyime. Mbuzi mchinjie Bi Zuweina, umtake radhi yeye, Bi Mwatum akiwa anasikia, maana umemwita mchawi mwanamke aliyekaa kwake anashona kofia. Na talaka hiyo iache ilipo. Ukishaitamka humpati tena mpaka aolewe na mume mwengine, na huyo pengine atajua kufunga waya.