Miwili ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mwenyekiti wa chama cha washairi alikuja na Kaka. Jumapili wanamtuza Baba — ukumbi, maua, wageni. Nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Kumbe Baba atakaa kwenye kiti chake cha magurudumu apunge mkono tu, na Kaka ndiye atakayesoma mashairi yake ya zamani. Walipanga kila kitu sebuleni, nani akae mbele, nani apigwe naye picha, na Baba yupo hapo hapo katikati yao kama kabati.

Tangu kiharusi, Baba hupata neno moja kwa taabu. Chai. Dirisha. Ila akianza kupiga mizani kwa kidole gotini, maneno hutoka yamepangika. Mishororo miwili, halafu basi. Leo kidole kikaanza. Nikawaambia wanyamaze.

*Mnagawa viti vyangu, nami bado nimekaa,*
*Kimya kidogo ni changu, haijazimika taa.*

Wifi alicheka mpaka akatoka nje. Kaka hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfuata mwenyekiti ofisini. Nikamwambia Baba atasema mwenyewe, hayo hayo ya jana. Akasema ni mazuri, ila watu wamezoea ubeti wa mishororo minne. Nikamwambia huo wa miwili una jina lake, ni tathnia. Mimi mwalimu wa Kiswahili, neno hilo naliandika ubaoni kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wanalisahau kabla ya kengele.

"Tathnia naijua, dada," akasema. "Shida ni asiyeijua. Atadhani mzee ameshindwa kumaliza. Watatoka pale wakimhurumia."

Si mtu mbaya. Ndiyo maana iliniuma.

Tukaafikiana takhmisa: nitangulize mishororo mitatu yangu, miwili ya Baba ifuate, ubeti uwe wa mitano. Ni heshima, washairi huwafanyia wakubwa wao. Kaka amekubali kwenye simu. Nimerudi nyumbani kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi, 7 Machi

Mitatu yangu tayari. Vina, mizani, kila kitu. Nimemsomea Baba baada ya mazoezi ya mkono. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaichukua karatasi, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, kikombe chenyewe kinavuja.

"Miwili," akasema.

Nikamweleza yote, watu watakavyodhani, watakavyosema. Akanitazama vile alivyonitazama utotoni nikirudi na alama mbaya.

"Miwili."

Nimelia jikoni, kwa hasira. Nampigania, yeye ananipiga teke! Wifi alikuwa anamenya vitunguu. Akasema taratibu kwamba mume wake anamficha mzee, na mimi namtia viraka, sasa tofauti iko wapi? Nikamwambia ashughulike na vitunguu vyake.



Ijumaa, 8 Machi

Nimempa mwenyekiti jibu: hakuna takhmisa. Miwili, kwa kinywa cha mwenyewe. Akasema basi kwenye ratiba atabaki Kaka peke yake.

Kaka akapiga simu. "Unataka kumuaibisha mzee mbele za watu? Akikwama je?"

"Akikwama tutamsubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atoe."

Akakata.

Kaka anaogopa. Ni yeye aliyemkuta Baba sakafuni siku ile, si mimi. Hilo nalijua. Na sirudi nyuma.

Jumapili, 10 Machi

Chumba cha nyuma ya jukwaa. Naandikia gotini. Baba kavaa koti la buluu. Nilitaka kumnyooshea kola, akanipiga kofi mkononi, niiache. Tumewekwa huku tungoje zamu ya kupunga. Kaka yuko kwenye kipaza sauti. Anasoma vizuri, haki ya Mungu. Ukumbi unapiga makofi pale pale walipozoea kupiga.

Kidole cha Baba kimeanza. Si ile miwili ya Jumatatu — hii mipya. Midomo inakwenda, sauti bado.

Mwenyekiti kachungulia. Tuvumilie, shairi moja tu limebaki. Baba akashika gurudumu kwa mkono wake mzima, akasukuma. Kiti kikazunguka, kikagota ukutani. Akajaribu tena. Kikazunguka tena. Mwenyekiti kasimama mlangoni, mikono ameitandaza huku na huku. "Dada, tafadhali."



Baba ameniangalia.

"Sukuma."

Mwenyekiti bado yupo mlangoni. Ni mtu mwembamba. Kiti ni cha chuma. Naomba tu asogee.