Kigogo Kinanuka Ndimu

Wa nyumbani,

Nimewahi kazini kwa fundi cherehani. Chai iko kwenye chupa. Paka ameshakula, asiwadanganye kwa kulialia.

Kaka, jana ulisema akiparura kochi tena, leo jioni unampeleka ghalani akaishi na panya. Nakujibu hapa. Unajua mbele za watu ulimi wangu huwa mzito. Lakini kigogo cha kunolea kucha nilikizungushia kamba ya katani kwa mikono yangu, na juzi alikiparura mpaka akasinzia ubavuni mwake. Tangu jana anakinusa, anarudi kinyumenyume, anaenda kwenye kochi. Ukacheka, “Anaringa kama shangazi yake,” yaani mimi.

Asubuhi hii nami nimeinama nikakinusa. Kinanuka ndimu. Paka na ndimu hawapikiki chungu kimoja, na ndimu haijikamui yenyewe.

~~Kaka, najua ni wewe.~~ Simtaji mtu.

Nimefunga kamba mpya. Msikisogeze, msikipake kitu. Paka haendi popote kabla sijarudi. Nikiingia nitampa kila mtu mkono, halafu nitaunusa.

Kitindamimba wenu